Rangi ya Kwanza Haipulizwi Mara ya Pili

Wanahistoria tumelelewa kuamini karatasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huelekezwa kwenye majalada ya Nyaraka za Taifa, hufundishwa kupima mwandiko, muhuri, tarehe na njia ambayo barua ilipitia kabla ya kufika mezani kwake. Akishakomaa kidogo huruhusiwa kwenda kusikiliza wazee. Ni nadra sana kuambiwa atazame bati. Leo nataka kuandika juu ya bati, au kwa usahihi zaidi juu ya rangi iliyolala juu ya bati la magari ya zamani: namna inavyopauka, namna mafundi wachache wanavyoirudishia uhai kwa mikono yao, na kwa nini shughuli hiyo, inayodhaniwa kuwa burudani ya matajiri wenye muda mwingi, inamhusu pia mtumishi wa umma anayesaini dokezo la kupaka upya mali ya ofisi.

Tuanze na rangi yenyewe, maana historia yake haifundishwi popote na ni historia ya uchumi mtupu. Magari ya mwanzo yalirithi ufundi wa magari ya farasi. Rangi na vanishi vilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke, likasuguliwa, ndipo jingine lipakwe. Gari moja liliweza kukaa katika chumba cha rangi kwa wiki kadhaa. Henry Ford, aliyetaka magari yatiririke kiwandani bila kusimama, hakuweza kuvumilia hilo. Tangu 1914 hadi 1925 Model T ilitolewa kwa rangi nyeusi pekee. Watu husimulia jambo hilo kama kichekesho cha tajiri mkaidi, nami nadhani wanampunja. Vanishi nyeusi yenye lami ilikuwa rahisi, ilishika vizuri na ilidumu. Na kiwanda chenye rangi moja hakina sababu ya kusimamisha kazi ili kusafisha vyombo vya rangi nyingine. Weusi ule ulikuwa hesabu ya muda wa mfanyakazi.

Mabadiliko yalianza 1923, kampuni ya DuPont ilipoleta Duco, rangi ya nitroselulosi, ndugu wa damu wa baruti isiyotoa moshi ambayo ilikuwa imeitajirisha kampuni hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Duco ilipulizwa na kukauka kwa saa, si kwa wiki. General Motors iliitumia kwanza katika magari yake ya Oakland, yakatoka kiwandani na rangi ya buluu. Miaka michache baadaye, mwaka 1927, kampuni hiyo hiyo ilianzisha idara maalumu ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl. Sasa gari la mwaka huu lingeweza kuonekana tofauti na la mwaka jana hata kama injini ni ile ile, na mteja akaanza kufundishwa kuchoka na gari kabla gari lenyewe halijachoka. Msomaji anayeshangaa kwa nini kitu kilichopauka huamsha aibu ndani yetu, hata pale kinapofanya kazi yake kikamilifu, atafute jibu katika miaka ile. Aibu hiyo ilitengenezwa, na waliofaidika nayo walikuwa wauzaji.

Hadi miaka ya 1970, na kwa magari mengi hata baadaye, rangi ilikuwa ya tabaka moja. Kilichotoa rangi na kilichotoa mng'ao vilikuwa kitu kimoja, juu ya tabaka la msingi lililoshika bati. Magari ya leo yana tabaka la juu lililo angavu kama kioo, na rangi yenyewe imefichwa chini yake. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu katika kazi ninayotaka kuieleza. Kuitambua ni rahisi: chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, unagusa rangi yenyewe. Kisipochukua, kuna kioo kati yako na rangi, na gari lako huenda ni la juzi au limeshapulizwa upya.

Kinachotokea rangi inapopauka hakieleweki vizuri, hata na watu wanaoishi kwa kazi ya rangi. Wengi hudhani jua limekula rangi. Rangi ni unga wa madini au kemikali, uliofungwa ndani ya utomvu unaokauka na kuwa mgumu. Mionzi ya jua huvunja utomvu ule kwanza, kuanzia juu kwenda chini, na unga ukabaki bila wa kuushika. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya boneti la gari lililokaa juani miaka arobaini, kidole hutoka na vumbi kama chaki ya darasani. Nuru ikiangukia vumbi hilo hutawanyika ovyo, nasi tunaona weupe-weupe. Chini ya vumbi, mara nyingi, rangi ya kwanza ingalipo. Kuna aina za wekundu ambazo kwa kweli hugeuka zenyewe kwa jua na haziwezi kurudishwa, lakini kijani kibichi, nyeusi, kijivu na buluu nyingi za zamani huwa hazijaenda mbali. Zimekauka tu.

Kazi ya kuzirudisha huanza kwa kutofanya mengi. Gari huoshwa kivulini, bati likiwa la baridi, kwa maji mengi na sabuni laini. Msasa hauguswi. Kisha hupakwa mafuta mazito ya kulishia rangi, yasiyo na chembe za kukwangua, kwa wingi ambao ungemtia huruma mtu aliyeyanunua. Fundi husugua kwa taulo la pamba, vinyweleo vyake vikiingiza mafuta katika vitundu vya rangi iliyokauka, kipande kidogo baada ya kipande kidogo, kisha huacha kila kitu kilale usiku kucha. Asubuhi hufuta. Taulo hutoka na rangi ya gari, jambo linalowatisha wanaoliona kwa mara ya kwanza. Hurudia tena, mara mbili, mara tatu, kadiri rangi inavyoendelea kunywa. Baada ya hapo ndipo hupitisha polishi nyembamba kabisa, kwa mkono mwepesi, na mwisho nta.

Kwa nini mkono, ilhali mashine zipo? Sababu ni unene. Tabaka zote za rangi za kiwandani, kutoka bati hadi juu, kwa kawaida hukaribia unene wa karatasi moja ya ofisini, yaani sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Kwenye kona na mikunjo ya bati ni nyembamba zaidi. Mashine inayozunguka hupata joto na haijui kona iko wapi. Kiganja kinajua. Fundi mmoja wa Gerezani aliyenifundisha haya, mzee aliyeanza kazi ya rangi akiwa kijana wa kubeba ndoo, aliniambia kuwa kiganja husikia rangi ikibadilika kutoka ukavu hadi utelezi, na kwamba hapo ndipo pa kuacha. Niongeze tahadhari ambayo yeye hakuambiwa na mtu katika ujana wake: rangi nyingi za zamani, hasa za njano, kijani na nyekundu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu. Afanyaye kazi hii afanye kwa unyevunyevu, avae barakoa, na asiwaite watoto wamsaidie.

Kuhusu nta, msomaji mpenda haki asidhani tumetoroka siasa. Nta bora ya kulindia rangi hukwanguliwa kwenye majani ya mnazi wa kanauba unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, mti unaojipaka nta ili usikaushwe na kiangazi. Mwaka 2017 uchunguzi wa televisheni ya ARD ya Ujerumani ulidai kuwa baadhi ya wavunaji wa nta hiyo hufanya kazi katika hali zinazokaribiana na utumwa. Kila mng'ao una mkono uliousugua, na nyuma yake mkono mwingine uliokata jani.

Ulimwenguni kote wapenda magari walikwishagombana juu ya suala hili. Kwa miongo mingi gari la kale lilihesabiwa kuwa limetunzwa pale lilipovuliwa rangi yote hadi bati tupu na kupulizwa upya, mara nyingi likang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Taratibu wakatokea watu waliosema hapana: gari huwa halisi mara moja tu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, iliyofuata nyayo za Hati ya Venice ya 1964 kuhusu majengo ya kale. Msingi wake ni kwamba anayetunza aguse kidogo iwezekanavyo, na alichoongeza kiweze kutambulikana. Ni kanuni ambayo mhariri yeyote wa miswada ya kale anaijua tayari.

Mifano mitatu inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika jumba la makumbusho ya kijeshi la Vienna limo gari la Gräf & Stift alimopandishwa Franz Ferdinand mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Tundu la risasi limeachwa kama lilivyo. Hakuna aliyeona kuwa ni vizuri kuliziba na kupaka rangi juu yake, na mtu anayesimama mbele ya tundu lile dogo huelewa jambo ambalo sura kumi za kitabu haziwezi kumwelewesha.

Gari la pili liko Dearborn, Michigan. Ni Lincoln aliyokuwamo John Kennedy alipouawa Dallas mwaka 1963. Lilikuwa la buluu iliyoiva. Baada ya mauaji serikali haikuliweka kando: ililifumua, ikaliwekea paa la kudumu na kinga ya risasi, hatimaye likapakwa rangi nyeusi, na likaendelea kuwabeba marais hadi 1977. Anayelitazama leo anaona gari jeusi. Gari la siku ile halipo, ingawa chuma ni kile kile. Sina hakika kama uamuzi ule ulikuwa ubahili wa hazina au hamu ya kusahau; huenda dola huwa haioni tofauti kati ya hivyo viwili.

Mfano wa tatu uko katika jumba lile lile, nao unanipa shida zaidi. Ni basi la Montgomery, namba 2857, ambamo Rosa Parks alikataa kuinuka tarehe 1 Desemba 1955. Baada ya kustaafishwa, basi hilo lilikaa shambani Alabama kwa takribani miaka thelathini, likitumika kama ghala. Makumbusho ililinunua mwaka 2001 kwa zaidi ya dola 490,000, kisha ikalirejesha katika sura ya 1955, na rangi zake za kijani, nyeupe na njano. Leo mgeni huruhusiwa kuingia na kukaa. Naelewa sababu zao, na nisingethubutu kuwaambia watoto wa Wamarekani weusi kwamba walipaswa kuoneshwa kopo lenye kutu. Hata hivyo, miaka ile thelathini ya shambani nayo ilikuwa ushahidi: ilisema jinsi jamii ilivyokithamini kitu hicho kabla hakijawa na bei. Ushahidi huo sasa umo katika picha tu.

Haya yote yangebaki kuwa masomo yangu ya jioni, laiti mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa katika taasisi moja ya umma mkoani, asingeniandikia. Sitaitaja taasisi wala mkoa, isipokuwa kwamba ni mkoa wa pamba. Walikuwa wanajiandaa kwa maadhimisho. Nyuma ya ghala kulikuwa na Land Rover ya miaka ya 1960, ile ndefu ya inchi 109, imesimama juu ya matofali. Kamati ya maandalizi ilikuwa imeidhinisha gari hilo lipulizwe rangi nyeupe, lichorwe nembo ya sasa ubavuni, na liwekwe langoni likiwa na kibao kinachosema kuwa ni gari la kwanza la taasisi. Mwanafunzi wangu alikuwa na shaka, lakini hakuwa na hoja ya kuiweka kwenye dokezo. Aliniomba nikatazame.

Mwili wa Land Rover, kama wengi wanavyojua, ni wa aluminiamu. Ilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua na cha kawaida baada ya vita, lakini ilikuwa na aluminiamu ya kutosha. Kwetu jambo hilo limekuwa baraka ya kumbukumbu. Chesisi ya gari lile ilikuwa imeliwa na kutu kiasi cha kutoboka kwa kidole, ilhali milango na boneti vilikuwa vizima, na rangi yake ya kiwandani, kijani kilichoiva, haikuwa imeguswa na bomba la kupulizia hata mara moja. Ilikuwa imepauka hadi kufanana na majivu. Katikati ya boneti, hata hivyo, palikuwa na duara la kijani kibichi, zito, linalong'aa: mahali tairi la akiba lilipokuwa limefungwa kwa miaka yote ile, likiikinga rangi na jua. Mtu aliyetaka kujua gari lile lilikuwaje siku liliposhuka melini hakuhitaji kitabu.

Jambo kubwa lilikuwa mlangoni. Kwa macho ya kawaida mlango wa kushoto ulionesha mabaka. Tulipouosha kwa maji tu na kuuacha ukauke, kisha tukafunga mlango wa ghala na kuangaza tochi kutoka ubavuni, nuru ikipita juu ya bati kama jua la magharibi juu ya shamba lililolimwa, mabaka yakawa herufi. Zilikuwa safu mbili, zimepandana. Ya juu ilikuwa jina la mamlaka ya zao. Ya chini, kubwa na zenye mkono mzuri wa mwandishi wa mabango aliyetumia brashi, lilikuwa jina la chama kikuu cha ushirika cha mkoa ule, na chini yake: Na. 7.

Namna herufi zilivyobaki ni somo la fizikia. Rangi nyeupe ya herufi iliifunika rangi ya kijani na kuizuia isiliwe na jua. Herufi zilipokwanguliwa, kijani cha chini yake kilikuwa kinene zaidi na chenye afya kuliko cha pembeni. Jua la miaka iliyofuata halikuweza kusawazisha deni hilo. Aliyekwangua alidhani amefuta.

Wasomaji vijana wanaweza wasione uzito wa majina hayo mawili. Vyama vya ushirika vya nchi hii vilikuwa kazi ya wakulima wenyewe. KNCU ya Kilimanjaro ilisajiliwa 1933. Katika Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walijenga katika miaka ya 1950 shirikisho la Victoria Federation, lililohesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Vilijenga vinu vya kuchambulia pamba, shule, maghala, na kununua magari, kwa makato ya fedha za mazao. Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote. Kazi zao zikaenda kwa mamlaka za mazao, na mali zao zikagawanywa. Sheria ya 1982 iliviruhusu virudi, lakini kilichorudi hakikukuta nyumba yake ilivyoiacha. Mjadala wa nini kilichukuliwa, na kutoka kwa nani, haujawahi kufungwa vizuri, kwa sababu katika sehemu nyingi orodha za makabidhiano ni haba au hazisomeki.

Kadi ya gari iliyokuwa katika jalada la taasisi ilianza mwaka 1977. Kwa mujibu wa karatasi, basi, gari lilizaliwa mwaka huo mikononi mwa serikali. Kwa mujibu wa mlango, lilikuwa limeshafanya kazi miaka kadhaa, na halikuwa la kwanza: lilikuwa la saba, la watu wengine. Mlango hauwezi kusema nani alilipa. Kwa hilo tulimtafuta mzee aliyewahi kuwa karani wa mizani, na yeye, bila kuulizwa mara mbili, alitaja makato kwa kila kilo na jina la dereva.

Kamati ilikuwa na haki ya kusema haijui. Baada ya mlango kusomwa haikuwa na haki hiyo tena, na kupuliza rangi nyeupe kungekuwa kitendo cha aina nyingine kabisa. Niliandika hivyo, kwa lugha ya upole zaidi, katika maoni ya kurasa mbili. Nilipendekeza gari lisipulizwe, rangi yake ya kwanza ihuishwe kwa mkono, na gharama ilinganishwe na ya upulizaji. Ilikuwa ndogo sana. Hoja hiyo ya mwisho, nakiri, ndiyo iliyosikika.

Mzee wa Gerezani alisafiri. Alifanya kazi siku nne na vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo, na kijani kikarudi kuanzia mabawa ya nyuma kwenda mbele, kipande kwa kipande, hadi duara la tairi la akiba likaanza kuyeyuka ndani ya boneti lililolizunguka. Vijana walishangilia. Yeye hakushangilia. Alipofika kwenye mlango wa kushoto aliweka taulo chini akauliza tunataka nini. Maana mafuta yale yale yanayoihuisha rangi huzifuta tofauti za kijani kikavu na kijani kizima, na kusugua kwa bidii kunausawazisha mwinuko mdogo ambao tochi ilikuwa inausoma. Mlango ungependeza, na herufi zingeondoka mara ya pili, safari hii kwa mikono ya marafiki zake. Tulikubaliana mlango ule uoshwe tu, upigwe picha kwa nuru ya ubavuni, upakwe nta nyembamba ya kukinga unyevu, na uachwe umepauka. Gari lina mlango mmoja wa majivu katika mwili wa kijani. Wageni huuliza mbona kazi haikumaliziwa, na swali hilo ndilo nililolitaka.

Kisheria hakuna aliyelazimika kutusikiliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Waziri anaweza kutangaza vitu vingine, lakini mlango wa aluminiamu wa miaka ya 1960 hauingii wenyewe popote. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inatazama taarifa za ofisi, na sidhani kuna ofisa masjala atakayeifungulia Land Rover jalada. Zana za enzi ya uhuru, yaani magari, mizani, matrekta ya ushirika, mitambo ya kuchapia, ziko katika pengo kati ya sheria hizo mbili, na njia yake ya kawaida ni mnada au bomba la rangi. Yapo yaliyonusurika: Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana mkusanyo wa magari, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Gari la kiongozi hupata paa juu yake. La karani wa mizani hukaa juu ya matofali.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii. Kabla ya kusaini dokezo la kupaka upya kitu chochote kilichoishi zaidi ya miaka thelathini katika eneo lenu, kioshwe kwa maji, kikauke, na mtu akiangazie tochi kutoka ubavuni. Ni kazi ya nusu saa. Mkiona herufi, pigeni picha, andikeni tarehe, wekeni nakala kwenye jalada la mali hiyo. Baada ya hapo mnaweza kuendelea na uamuzi wenu, na mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo atajua mliamua nini na mkiwa mmeona nini. Na kwa wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu: maghala ya halmashauri yamejaa milango.

Maadhimisho yalifanyika. Mgeni rasmi alilisifu gari, akapigwa picha akiwa ameegemea bawa lake la kulia. Kibao kilichowekwa mbele yake kinasomeka kama kilivyoidhinishwa awali, kwamba hilo ni gari la kwanza la taasisi. Niliandika kuomba maneno yabadilishwe, yataje chama cha ushirika na namba saba. Barua ilipokelewa masjala na kugongwa muhuri. Mwanafunzi wangu anasema iko kwenye jalada, folio ya mwisho, juu kidogo ya picha za mlango.